Bibi Amewaka, Baba

Baba,

Bibi amewaka. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu nakujua, ungeniuliza habari za Bibi, pikipiki yako, kabla ya habari za Mama. Amekohoa, ametema moshi, na jirani amefunga dirisha kwa hasira kama kawaida yake.

Tangu tukuzike alikuwa amefunikwa turubai kule chini tunakoegesha magari, hapa Malvern, huku ugenini. Mama hakutaka hata kumtazama. Miaka yote alisema anangoja simu ya kuambiwa umeanguka kwenye ule ukuta wa mbao wa maonyesho, ule wa mviringo kama pipa, ulimokuwa ukizunguka na Bibi huku watu wakikuchungulia kutoka juu. Wewe ukaja kuanguka jikoni, ukikata kachumbari. Jamani, Baba. Jikoni!

Bosi wa maonyesho aliponipigia kuuliza kama nitaendesha badala yako, Mama alisema neno moja tu: "Sitaki." Wiki nzima ananipakulia chakula, anageuka. Nilimwelewa. Ila nami nilitaka, Baba, nilitaka mpaka nikalia kwenye basi mbele za watu.

Jumamosi nikaenda. Nikauzunguka ukuta kwa nje nikigonga ubao mmoja mmoja, kama ulivyonizoesha. Zamani nilikucheka, nikidhani ni ushirikina wako uliotoka nao Morogoro. Basi ubao wa karibu na mlango ulilia vibaya. Msumari umelegea! Nikamwita fundi, na nikakusikia kabisa: "Haya, cheka sasa."

Nikapanda ukutani na Bibi. Mzunguko wa tatu nikatazama juu, pale ulipokuwa ukipokonya kofia walizokunyooshea watu. Namwona nani? Mama. Mama aliyeapa hatakanyaga pale! Kajifunga khanga juu ya koti, kainama mpaka mama mmoja asiyemjua kamshika kiuno, ananinyooshea leso yako nyekundu ya shingoni.

Mara ya kwanza niliikosa. Mara ya pili nikaipata.

Tukarudi kwa basi. Tulipokaribia kushuka akasema, "Unapanda juu mno. Baba yako alikuwa anaacha nafasi ya mbao mbili."

Nikamwuliza amejuaje. Akanieleza yote akitazama dirishani.

Alikuwa anakuja, Baba. Anasimama nyuma ya watu, anakuangalia mpaka unashuka salama, halafu anawahi basi ili ukirudi umkute jikoni amenuna. Nimelia sana. Nimekuonea huruma kwamba uliondoka hujui, nikamwonea huruma zaidi yeye.

Ndiyo maana nakuandikia, ujue.

Pumzika sasa, Baba yangu. Nitagonga kila ubao, sitaruka hata mmoja, na nitaacha nafasi ya mbao mbili. Na Mama hatasimama nyuma tena.

Binti yako,
Tausi