Mahindi ya Mghoi, Rodi Kopany

Mdogo wangu Mwakio,

Hujambo? Mama hajambo? Mikono imechubuka kwa kuvuna na jua la huku ni kali, lakini furaha niliyo nayo haitoshi kwenye kadi hii!

Dada yetu Mghoi na mama mkwe wake waligawana shamba moja nusu kwa nusu, wakapanda mbegu ileile siku ileile. Mama mkwe alizimwaga tu, kama watu wa huku walivyozoea. Dada alipanda kwa mistari alivyofundishwa na bwana shamba, akapalilia mapema, na miche ilipofika urefu wa shubiri akaing'oa iliyosongamana. Mama mkwe alipiga kelele: "Unang'oa chakula cha wajukuu wangu!" Tangu hapo hakumsemesha.

Jana tulivuna. Mahindi ya mama mkwe ni membamba, tena yana mapengo. Ya dada yamejaa punje hadi nchani, na lundo lake ni kama mara mbili ya lile jingine! Mama mkwe alilizunguka, akamenya hindi moja, akamenya la pili. Kisha akasema, "Mghoi binti yangu, msimu ujao tutaanzia mistari yako upande wangu." Hakuwahi kumwita binti kabla ya hapo. Dada alilia, Mwakio, nami nikalia, na mama mkwe akaenda kutupikia samaki wa ziwani.

Nakusihi, vuli ikianza usimwage mbegu kabla sijafika! Mkumbatie Mama kwa niaba yangu, na Mungu awalinde.

Dada yako akupendaye,
Wakesho