Upande Wenye Taa

Jumamosi, 7 Juni 2025

Shule imefungwa jana. Wenzangu walibaki kunywa soda za kufunga muhula, mimi nilikuwa Musoma hospitali na Mama. Nimerudi Bunda usingizi hamna, basi niandike.

Daktari alimwambia afungue mdomo, akamulika, akanyamaza. Kimya kile nakijua. Ndicho ninachokaa nacho mimi nikishika karatasi ya mtoto aliyefeli. Juu kwenye kaakaa kuna doa jeupe, katikati yake kidonda. Akauliza, mama, unavuta? Mama akaangalia ukuta. Nikajibu mimi: anavuta, tena moto ndani.

Alifundishwa na bibi yake mzaa baba, shambani kwenye pamba. Mikono yote iko kwenye jembe, upepo unapiga, kwa hiyo sigara inageuzwa — kichwa cha moto kinaingia mdomoni, midomo inafungwa. Haizimiki, na wakwe hawaoni kitu. Miaka arobaini na tano analichoma kaakaa lake, na sisi watoto wake tumesoma, tumekaa kimya!

Masharti: aache kabisa wiki tatu, arudi Ijumaa tarehe 27. Kidonda kikipungua, heri. Kisipopungua wanakata kinyama kidogo, kinapelekwa kupimwa. Mama akasema palepale: “Mimi sikatwi.”

Jumapili, 8 Juni

Nimelala kwa Mama, Mwitongo, Butiama. Mdogo wangu Magesa kapita na lori lake kutoka Dar, kaleta dawa ya matatizo yote. Sigara ya umeme. Yeye anaiita vepu. Kijiti cheusi, vipande viwili vinavyofungwa kwa kuzungusha: kimoja betri, kingine kichupa cha maji ya dawa. Akaonyesha mbele ya Mama. Akavuta, kitaa chekundu kikawaka kule mbele, mvuke mweupe ukamtoka puani. Mama akacheka, mara ya kwanza tangu Ijumaa. “Ehe! Kumbe na moto inao!”

Nikamwambia Magesa daktari amesema aache kila kitu, hata hivi vya umeme. Akasema daktari hajawahi kuvuta, hajui utamu wala utumwa wake. Bora hii kuliko makaa kwenye ulimi. Nikabishana kidogo, nikaacha. Niandike wazi ili nisije nikajidanganya: nilikubali.

Mama akakichukua, akaenda nyuma ya jiko, akajifunika khanga usoni. Ndivyo afanyavyo siku zote, mama mtu mzima havuti mbele ya watoto. Nina miaka arobaini na moja na sijawahi kumwona mama yangu akivuta. Tunaijua harufu tu.

Jumatano, 11 Juni

Wifi Dorah, mke wa Magesa, kapiga simu. Yeye ndiye anayekaa na Mama. Anasema Mama anavuta lakini moshi hautoki. Amemchungulia dirishani siku mbili. Khanga inapanda na kushuka, moshi hakuna.

— Yeye mwenyewe analalamika?
— Halalamikagi, wifi. Anasema iko sawa.

Chaji hiyo, nikasema. Nikamwelekeza: fungua, chomeka kwenye chaja, taa nyekundu ikigeuka kijani toa. Ikageuka. Kafunga, Mama kavuta. Moshi hamna.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeenda mwenyewe. Boda kutoka Kiabakari, vumbi mpaka kwenye meno.

Nimekaa mkekani na kijiti kama niko maabara. Betri imejaa. Nikavuta — taa inapepesa tu, mvuke hakuna. Nikabadilisha kichupa (Magesa aliacha vitatu). Hakuna. Nikapangusa pale vyuma vinapogusana kwa pamba na spiriti, nikakiinua kile chuma cha katikati kidogo kwa sindano. Hakuna! Ndipo nikaona kule mbele, kwenye taa, kumelowa. Kuna vitundu vidogo vya hewa pale, vyote vimejaa maji. Nani ameiosha? Hakuna aliyeiosha. Nikaianika juani saa nzima, nikavuta tena. Ikawaka! Mvuke ukanijaa kooni, ladha ya mnanaa, nikakohoa kama mbuzi. Dorah akacheka mpaka akakaa chini.

Nikamrudishia Mama nikijiona fundi mkuu wa mkoa. Akaipokea, akaniangalia.

“Ilikuwa nzima,” akasema.

Jumatatu, 16 Juni

Siku mbaya. Niandike tu.

Imekufa tena. Nimefika saa nne, nimeikuta imelowa palepale. Nikajaribu yote ya Alhamisi, hata kuianika. Haikuwaka. Na Mama ametulia! Anapepeta dengu, anaimba. Hapo kichwa changu cha fizikia kikaanza kazi. Mtu aliyevuta miaka arobaini na tano, mashine haimpi kitu, hana hasira, hatetemeki. Basi anapata kwingine. Anavuta moto.

Akaenda kisimani. Nikaingia chumbani kwake. Ndiyo, nimepekua chumba cha mama yangu. Chini ya godoro, kiberiti na sigara mbili.

Aliporudi nilikuwa nimesimama mlangoni navyo mkononi. Nikasema mengi. Nikamwambia anatudanganya, anamdanganya daktari, anataka tumzike. Nikamwambia afungue mdomo nione hicho kidonda. Sauti niliyotumia ni ile ya darasani. Dorah akaondoka uani kimyakimya.

Mama akatua ndoo. Akauliza, “Umeniona navuta?”

— Mama, hivi hapa!

— Nimekuuliza. Umeniona?

Sikumwona. Akanyoosha mkono, akachukua kiberiti chake na sigara zake mbili. “Nilikupelekaga shule ili urudi kunipekua?” Hakufungua mdomo tena, si kwa maneno wala kwa kidonda.

Nimeondoka na kijiti kwenye mkoba. Nimelia kwenye boda, dereva akajifanya hasikii.

Jumanne, 17 Juni

Hapokei simu. Dorah anasema anakula, anafanya kazi, hanitaji.

Jumatano, 18 Juni

Hapokei. Siku tisa zimebaki.

Alhamisi, 19 Juni

Musoma, kwa Gody. Fundi simu, kibanda chake kiko karibu na soko la samaki la Mwigobero, simu zote anazotengeneza zinatoka zinanuka dagaa. Kijana mstaarabu. Akaivua ganda la mbele, akaweka lenzi jichoni, akaguna.

— Madam, hii imekunywa.

— Imekunywa nini? Haijaingia majini.

— Sio maji. Ona inavyonata. Haya mate. Na yameingilia huku mbele, kwenye taa. Mvutaji anaiwekaga taa mdomoni.

Nikacheka. Nani mjinga wa kuweka taa mdomoni? Nikacheka kwa sauti, Gody naye akacheka. Halafu nikaacha.

Moto ndani.

Magesa alivuta mbele yake, taa ikawaka, na Mama akasema kumbe na moto inao. Upande wenye moto ndio unaoingia mdomoni. Ungeingia upi? Nikaomba kiti. Gody akadhani ni jua, akaninunulia maji.

Mwalimu wa fizikia, miaka kumi na minne kazini! Nimehoji betri, nimehoji chaja, nimehoji vyuma, nimemhoji hadi Dorah. Mama nilimhoji kama mwizi, sikumuuliza anaishikaje. Na ukivuta kinyume, mvuke hautoki kabisa. Hewa tupu. Maana yake tangu tarehe 8 kijiti hakijampa Mama hata punje ya tumbaku. Siku nane alivuta hewa chini ya khanga, mpaka nilipomnyang'anya, na roho yake imetulia.

Gody ametoa kile kidude kinachosikia pumzi, kimeoza, kaweka kingine kutoka kwenye vepu bovu la mteja. Inatoa mvuke kama sufuria. Sijui kwa nini nilifurahi.

Ijumaa, 20 Juni

Nimepiga magoti. Sijapiga magoti kwa Mama tangu siku ya send-off yangu. Akaniacha pale kidogo, haki yake, halafu akasema inuka utachafua gauni.

Nikamuuliza: Mama, hiki unakishikaje? Akanitazama kama nimemuuliza uji unanywewa wapi. “Moto unakaaga ndani. Wewe nani amekufundisha kuvuta mkia?”

Halafu akaingia ndani, akaleta kiberiti. Akaniwekea kiganjani. “Soma, mwalimu.” Nikakigeuza. Ubavuni, pale pa kuwashia, hapana mchubuko hata mmoja. Kipya. Njiti zote zimo. Aliviweka pale, anasema, ili ajue anavikataa na si kwamba vimekosekana. Usiku anavigusa, anageuka upande wa pili, analala. Jumatatu nilikishika kiberiti hiki mkononi nikipiga kelele na sikukiangalia.

Ningeishia hapo! Lakini mimi jibu lenye kosa silipiti bila kalamu nyekundu. Nikasema, ona Mama, inageuzwa hivi. Upande huu mdomoni, taa ibaki nje. Jaribu. Akajifunika khanga, nikageuka nisimtazame. Nikasikia anakohoa, anakohoa sana. Halafu anavuta tena.

Alipofunua uso macho yake yalikuwa yamelegea. “Kumbe ilikuwa na kitu,” akasema. Akavuta ya tatu, na mimi nilikuwa natabasamu.

Jumatatu, 23 Juni

Dorah kapiga mara tatu leo.

Saa moja asubuhi: kichupa kimekwisha, Mama anataka kingine. Saa sita: kijiti hakiachi mkononi, amemfokea kuku, amemfokea na yeye. Saa kumi: umeme umekatika, chaji imeisha, Mama anazunguka uani. Amechukua zile sigara mbili, amezikuta zimeota ukungu, amemtuma dukani akanunue moja. Dorah amekataa. Mama amesema ataenda mwenyewe.

— Ameenda?

— Amefika kwenye mti wa njia panda, amerudi. Ila anatetemeka, wifi. Hakuwaga hivi.

Hakuwa hivi. Alikuwa ameshaacha! Mama alikuwa ameacha bila mtu kumsaidia, na mimi nikapanda gari mpaka Musoma nikamtafutia ugonjwa wake nikamrudishia umetengenezwa vizuri. Nina hasira na Magesa, nina hasira na Gody. Uongo. Nina hasira na mimi.

Jumatano, 25 Juni

Nimemweleza ukweli. Sikujua kama ni busara. Tulikuwa jikoni, anasonga. Nikasema: Mama, zile siku za kwanza, ulikuwa hupati kitu. Ulikuwa umeacha.

— Nilikuwaga navuta.

— Ulivuta hewa, Mama. Hewa ya hapa hapa uani.

Akaacha kusonga. Ugali ukaanza kuungua, nikauchukua mwiko mimi. Akauliza, “Hata ile siku ya kwanza?” Hata ile. “Hata ile siku uliyonipekua?” Hata ile.

Akatoka nje akasimama mahali pake nyuma ya jiko, bila kijiti, khanga mabegani. Alikaa huko mpaka chakula kikapoa. Sijui alikuwa anahesabu nini. Alipoingia alisema tu kesho nisichelewe kuja, keshokutwa tutoke mapema.

Ijumaa, 27 Juni

Musoma, hospitali. Benchi. Mbele yetu watu wawili, sasa mmoja.

Jana yote hakuvuta, Dorah ameapa. Leo asubuhi jasho linamtoka na baridi hii ya ziwani. Kidonda bado hajanionyesha. Mfukoni nina kijiti. Kwenye mkoba nina vichupa viwili, kimoja kipya, kimoja kikavu. Nimebeba vyote kwa sababu sikuweza kuamua.

Mama kanigusa goti. “Nipe kijiti changu.”

Nikasema Mama, hapa hospitali, daktari yuko mlango wa pili. Akasema anajua yuko wapi.

“Nipe ile yangu. Ile isiyotoa kitu.”

Nikafunga kichupa kikavu. Nilikosea kukizungusha mara mbili. Akakipokea. Nilisubiri avute khanga usoni, hakuvuta. Akakigeuza mbele yangu, mbele ya benchi zima — taa ndani, midomo imefungwa, shavu limeingia. Akafumba macho. Mama yangu anavuta hivi. Ana kikunjo kidogo kati ya nyusi, hata mimi ninacho nikisahihisha. Hakuna kilichotoka. Akashusha pumzi, jasho la paji la uso akalifuta kwa kiganja.

— Na wakisema kukata? akauliza.

Nikasema sijui, Mama.

— Vizuri, akasema. Leo hujui.

Nesi ametoka: Pelagia Wanzagi! Mama amesimama, amenipa kijiti. Amefika mlangoni, amegeuka. Anasema akifungua mdomo na mimi niangalie, asiangalie daktari peke yake. Naandika nimesimama. Nesi ananiita, Mama ananisubiri, haingii. Kijiti kiko kiganjani mwangu, upande wenye taa umelowa