Sanda ya Namba Nne

Jumanne, 7 Mei

Wewe mtoto,

Nani alikufundisha kumzimia bibi yako simu? Nimepiga mpaka kidole kimeota sugu, na kila mara ni yule mwanamke wa mitambo ananiambia hupatikani. Hupatikani, kwani umekuwa sindano? Sasa nimechukua kalamu. Darasa langu la tatu linatosha kukugombeza.

Haya, hujambo? Mke mwenzangu hajambo, na hilo tumbo lake? Mimi mzima, ni magoti tu, na cherehani inakohoa kuliko mwenyewe.

Jumamosi nilikuwa kibarazani natia vifungo sare za shule, na jirani kafungulia redio ya mpira kwa sauti ya kuamsha wafu. Nikasikia mtangazaji analia, "Ukuta kauachia! Ukuta kauachia mpira!" Kisha bao. Kisha kombe limekwenda kwa wenzenu. Nilikawia kukumbuka kuwa Ukuta ndiye wewe. Kwangu wewe ni yule yule aliyekuwa akikimbia bata.

Tangu siku hiyo kila anayeleta nguo analeta na matusi. Wanasema umenunuliwa. Wanasema beki gani anainua mguu mpira upite, kama anampisha mgeni mlangoni. Hawajui kuwa ni mjukuu wangu. Sikuwahi kumtangazia mtu. Nilikuwa nawaambia una kazi mjini, kwa sababu mpira sikuuhesabu kuwa kazi. Basi nakaa, nakata uzi kwa meno, nasikiliza unavyotukanwa na watu waliovaa jezi ya timu yako mwenyewe. Wangekuwa wale wengine ningeelewa.

Nijibu kwa mkono wako. Ulipokea kitu cha mtu? Kama ulipokea, sema, nije nikuchape mbele ya mkeo. Kama hukupokea, sema pia, nipate usingizi. Barua mpe huyu huyu dereva wa basi la vifurushi.

Bibi yako, mzaa mama


Alhamisi, 9 Mei

Shikamoo Bibi,

Barua yako imenifikia. Dereva alimwachia dobi wa nyuma ya nyumba yetu, naye akaileta ndani ya mashati. Mke mwenzako anakusalimu. Alicheka aliposoma habari ya bata, na ni mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mechi ile.

Sikupokea kitu cha mtu, Bibi. Nakuapia kwa kaburi la mama.

Ilikuwa hivi. Timu yetu ina sheria: golikipa akiita "Yangu!", beki anaacha, hata kama mpira uko mguuni pake. Yeye analiona goli lote, sisi tunaona visogo vya watu. Usipoacha mnagongana, na mmoja anatolewa kwa machela. Mpira ule ulikuwa wangu. Nilikwisha kuinua mguu kuupiga, nikasikia nyuma yangu "Yangu!" Nikaacha. Kugeuka, namkuta amesita kwenye mstari wake na mpira uko wavuni. Kwa kelele zile za jukwaani, nani angesikia neno moja? Walichokiona ni mguu wangu.

Nilingoja aseme. Hajasema. Viongozi nao wamenikataza kuzungumza na mtu: "Kaa kimya, watasahau."

Simu niliizima kwa sababu namba yangu imesambazwa. Wengi wanatukana, na hao siwaogopi. Kuna mmoja hatukani. Anapiga, anapumua kidogo, halafu anasema, "Mkeo leo kavaa bluu." Na kweli alikuwa kavaa bluu.

Mlango wetu umemwagiwa rangi nyekundu. Kioo cha jikoni kimevunjwa kwa jiwe. Tunalala kwenye korido kwa kuwa haina dirisha. Aliyebaki kuwa mtu kwetu ni mlinzi wa lango. Kila asubuhi ananiuliza natoka saa ngapi na kurudi saa ngapi, ili awahi kunifungulia nisisimame barabarani. Watu wema bado wapo, Bibi.

Mjukuu wako


Jumatatu, 13 Mei

Mume wangu mjinga,

Salamu utazikuta chini. Kwanza huyo mlinzi wako: kuanzia sasa usimwambie hata rangi ya soksi zako. Soma mpaka mwisho ujue kwa nini.

Jana walinijia watu wawili. Mmoja ni yule muuza nyama, mwenyekiti wa tawi la mashabiki wa timu yenu hapa kwetu. Bendera zao zote nazishona mimi.

"Shikamoo Bibi. Tuna kazi ya haraka."

"Marahaba. Kazi zenu zote ni za haraka, mpaka siku ya kuja kuchukua."

"Safari hii tunataka sanda."

Nikauliza nani kafiwa, nitoe pole. Muuza nyama akacheka mpaka tumbo likagonga meza yangu. "Hajafa bado! Tunamzika Ukuta. Jeneza seremala kashatengeneza. Wewe tupe kitambaa cheupe, katikati namba nne, nyekundu, ionekane kutoka mbali."

"Urefu gani?"

"Urefu wa mtu, Bibi."

Tepu ilinidondoka. Nikasingizia magoti.

Wanasema watalibeba mpaka kwenye lango lako Jumamosi ya tarehe 25, mchana, basi zima, na ngoma. "Utani tu huo, Bibi, mpira bila utani ni mazoezi ya polisi." Muuza nyama namwamini, yule ni mtu wa kelele, akishiba anasinzia. Lakini mwenzake, mwembamba mmoja simjui, hakucheka hata mara moja. Alikuwa anakipapasa kitambaa kama anayenunua. Akauliza kitu kimoja tu: "Lango litafunguliwa?"

"Mlinzi mtu wetu," muuza nyama akamjibu. "Ana kadi ya tawi. Saa zake zote za kutoka na kuingia anatuletea."

Yule mwembamba akaitikia kwa kichwa, akaenda zake bila kuaga. Anayecheka najua atakapoishia. Asiyecheka simjui.

Kazi nimeikubali. Usipige kelele, nasikia mpaka huku. Ningeikataa wangempelekea fundi mwingine, nami ningebaki sijui siku wala saa. Nimeshona miaka yote hii, na sijawahi kushona huku nikiwa na baridi mwilini jua likiwaka.

Usihame kwa pupa, ataona mizigo. Mpime kwanza: mpe saa ya uongo, kaa nyuma ya pazia, tazama. Halafu mtafute huyo golikipa, umwulize kama ana mama.

Sasa ndiyo salamu. Mwambie mke mwenzangu ale, hata kama hataki.

Bibi yako


Jumanne, 21 Mei

Shikamoo Bibi,

Unisamehe kwa kukawia. Hatuko vizuri sana, na sitaki kukudanganya.

Nilifanya ulivyosema. Nilimwambia mlinzi kuwa kesho yake nitatoka saa mbili, kwa miguu, kwenda mazoezini. Saa hiyo nikasimama nyuma ya pazia. Walikuja watatu wakasimama ng'ambo ya barabara kama watu wanaongoja usafiri, lakini magari yalipita na hakuna aliyeinua mkono. Mwembamba mmoja alishika gazeti lililoviringishwa. Bibi, gazeti halina uzito wa kuvuta mkono chini namna ile.

Mlinzi akatoka akawaonyesha viganja vitupu, kwamba bado. Kisha akainua kichwa, akatazama dirisha letu, akanipungia mkono huku anatabasamu. Na mimi nikampungia. Sijui kwa nini nilimpungia.

Sijatoka tangu hapo. Nimemwambia naumwa. Jioni alileta machungwa, akasema nipone haraka, watu wananiulizia. Hatujayala.

Nilikwenda polisi siku moja kabla ya hayo. Askari aliandika maelezo yangu vizuri tu, mpaka mwisho. Akaweka kalamu chini, akasogea karibu: "Lakini kaka, tuambizane ukweli, kwa nini uliuachia?"

Golikipa nilimpigia kwa simu ya dobi. Nikamweleza habari ya jeneza, nikamwuliza kama ana mama. Akasema anaye, na watoto wawili, na nyumba isiyo na uzio. "Nikisema kuwa niliita, jeneza litageuzwa lije kwangu. Nisamehe, ndugu yangu." Akakata. Nilitaka kumchukia nikashindwa, maana hata mimi sijui ningefanya nini.

Mke mwenzako mgongo unamuuma tangu juzi. Mkunga kasema ni wakati wowote sasa. Tuna mlango wa nyuma unaotokea uani kwa dobi, lakini kiti cha mlinzi kinautazama, naye habanduki pale mchana wala usiku.

Bibi, nakuomba kitu kimoja. Usije. Wakijua wewe ni nani wangu, sijui watakufanya nini.

Mjukuu wako


Alhamisi, 23 Mei

Wewe,

Tangu lini mjukuu anampangia bibi yake safari? Nimekulea, nimekufuta kamasi, leo unaniandikia "usije" kama hakimu? Nakuja. Tena nakuja bure, kiti cha mbele. Muuza nyama mwenyewe kanialika: "Bibi, wewe ndiye fundi wetu, wewe ndiye utaitandika sanda kwa mkono wako." Kanipa heshima, mjinga yule, na mimi nimeshukuru.

Sanda iko tayari. Niliishona mchana, mlango wazi, ili nisibaki nayo peke yangu. Namba nne imekaa sawasawa. Sishoni kazi mbovu hata ya adui.

Mwembamba naye yumo safarini. Jana alikuja kuuliza basi litaondoka saa ngapi. Akanitazama, akasema, "Bibi, unafanana na mtu ninayemjua." Nikamwambia uzee unatufananisha sote. Alicheka. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka, na ni afadhali nisingeona.

Naogopa. Neno hilo nimeliandika mara moja, usilirudie kulisoma.

Sasa sikiliza, na umsomee mkeo kwa sauti ili mmoja akisahau mwingine akumbuke. Dereva huyu wa barua nimeshamwambia azungumze na dobi, na dobi nitamshonea bure mpaka nife. Jumamosi mchana mtasikia ngoma kabla hamjaona mtu. Msichungulie. Jeneza litashushwa mbele ya lango, na mimi nitaanza kutandika. Nitatandika polepole, nitakunja, nitakunjua, nitalalamika kuwa pindo halijakaa. Hakuna mlinzi duniani atakayebaki kitini wakati watu wanazika mbele ya lango lake. Akishafika mbele kutazama, hapo nitawaambia sanda hii kaishona nani, na yule wanayemzika ni mtoto wa nani. Nitawaambia na habari ya "Yangu!" Wataamini au hawataamini, sijui. Lakini watasimama wanisikilize, maana bibi kizee akipiga kelele juu ya jeneza hata mlevi husimama.

Kiti kikibaki kitupu, tokeni. Mkeo atangulie, kapu la nguo kichwani kama mtu wa kazi ya dobi. Wewe ufuate, usikimbie, anayekimbia hufukuzwa. Mwende moja kwa moja kwa mkunga. Kwa ndugu msiende, ndugu wanajulikana. Simu iacheni, nguo ziacheni, na jezi hiyo iache.

Ukisikia sauti yangu inapanda, usigeuke. Ukisikia imekatika ghafla, hapo ndiyo kabisa usigeuke. Mshike mkeo mkono, tembea.

Bibi yako, mzaa mama