Samadi Mbichi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na kwamba dada na kichanga chake wanaendelea vizuri, mtoto ameanza kuwaacha mlale. Mimi huku ni mzima wa mwili, mengine utayasoma.

Ulipoondoka kwenda kumhudumia dada, uliniachia bustani na agizo moja: lundo la mboji nisiliguse mpaka nichomeke kijiti katikati na kitoke baridi. Kila nilipochomeka kilitoka cha moto. Nawe unanijua, subira si fungu langu. Nilitaka urudi ukute nyanya zimebeba mpaka unijivunie kwa watu. Basi nikaenda kwa mfuga kuku, nikajaza gunia la mavi mabichi, nikayarundika kwenye mashina na kumwagilia maji.

Haikupita wiki, miche yote ikaungua kwa ukali wa mavi yale. Nikaing'oa na kuitupa, ndipo nikakuandikia kwamba mbuzi wa shangazi jirani wameingia wakamaliza kila kitu. Na yeye nilimwambia hivyo hivyo. Hakubisha. Aliomba radhi, akawafunga mbuzi wake na kuwachapa. Tangu hapo kila asubuhi huniletea karai la samadi iliyoiva, ile aliyojiwekea kwa bustani yake, na tumepanda miche mipya pamoja. Imeshika, Mama, inapendeza. Kwake matuta ni matupu. Nami nilikuwa nasimama pale namwambia asante shangazi, macho makavu.

Kisha ukaja ujumbe wako, nimwambie asikanyage tena kwako, ujirani umekwisha. Sikuufikisha.

Mama, mbuzi hawakuingia. Bustani niliiunguza mimi, na uongo niliutunga mimi. Naona aibu hadi natamani ardhi ipasuke inimeze. Jana nilikwenda kumwambia ukweli. Alikuwa anakamua mbuzi, hakunitazama mpaka alipomaliza. Kisha akasema, "Kumbe nimewachapa bure."

Hakunitukana; afadhali angenitukana. Alisema samadi ataendelea kuileta, kwa kuwa bustani ni yako. Ila mimi, kwa sasa, nisimwite shangazi.

Nibusie mtoto, msalimie dada. Ukijibu, tafadhali mwandikie jirani yetu kwanza, mimi nitasubiri.

Ni mimi, mwenye haya,
kitindamimba wako