Mursik ni ya Mshindi

Jumamosi usiku.

Ati mashindano ya baiskeli ya mlimani yamefutwa, baada ya miaka hii yote. Na mimi mursik ya mshindi, maziwa yetu ya mgando, nimeshaitia kwenye kibuyu, imeiva.

Mjukuu wangu Chebet alilia, akasema atauza baiskeli. Hapo niliogopa, sitadanganya. Huyo bila baiskeli ni kununa tu.

Nikamwambia, "Kwani wamefuta mlima pia? Ita wenzako."

Leo wamekuja, wakapanda huo mlima wa majani chai kwa baiskeli, mbio. Msichana mmoja wa kijiji cha Merigi akamshinda Chebet. Kibuyu nikampa huyo wa Merigi.

"Kogo, si mimi ndiye mjukuu wako?" Chebet akaniuliza.

"Wewe ni wangu. Mursik ni ya mshindi."

Amekasirika mpaka sasa. Lakini baiskeli hauzi tena. Ati lazima amshinde yule.