Sura ya Sulemani Haitarukwa

Mwalimu,

Tulikuzika Louisville mvua ikinyesha, na Jumamosi iliyofuata tukasoma Biblia kwa simu kama kawaida. Ulitaka hivyo. Nilipoita miji yetu ya hapa Marekani, Columbus wakajibu "Tupo," Buffalo nikajijibu mwenyewe, kisha kwa mazoea nikaita Louisville, mji wako. Hata kukohoa, hakuna aliyekohoa.

Sasa nina habari ambayo ungeicheka kwanza, halafu ungekasirika. Tumefika kwa Sulemani na wake zake, pale anapomfuata Ashtorethi. Biblia yetu ya Kiswahili inamwita mungu mke. Nikawaeleza ulivyotueleza: Kiebrania cha Biblia hakina neno la peke yake la mungu wa kike. Mwandishi ametumia elohim, neno lile lile analomwitia Mungu wa Israeli, na msomaji hujua nani anatajwa kwa kutazama maneno yaliyolizunguka. Ela, mungu wa kike, ni neno la Kiebrania cha leo. Kisha nikawaambia warudie kwa sauti, kama ulivyotuzoeza: Ashtorethi, elohim wa Wasidoni.

Mama Furaha wa Columbus akaingia kwenye simu wakati huo huo, akiwa mapumziko kazini, ghalani kwao. Akasikia wazee wazima wanaitikia jina la Ashtorethi kwa pamoja. Akakata. Jioni mchungaji wake akanipigia: "Mama, wanasema mnaabudu sanamu." Nilicheka. Yeye hakucheka. "Ruka sura hiyo, mama yangu, la sivyo watu wangu nitawatoa. Wana mizigo yao tayari."

Ningeweza kuruka. Nimechoka, Mwalimu. Magoti yangu hayapatani na baridi ya West Side, mtaa wetu hapa Buffalo, na Columbus wakijitoa, darasa ulilolianzisha karibu limekwisha. Lakini nakumbuka kule kambi ya wakimbizi, Tanzania, ulivyomnyamazisha yule shemasi aliyetaka turuke mstari: "Ukiruka mstari unaokutisha, kesho utaruka unaokukemea." Na mimi ulizoea kunitania nikisoma haraka, "Wewe Buffalo, punguza mwendo, nabii hana basi la kuwahi."

Basi sikukimbia. Nimempigia Mama Furaha mwenyewe, nikamweleza alichokisikia, nikamwomba aingie mapema Jumamosi, asome mstari ule yeye.

"Mama, na mchungaji akinikemea?"

"Atatukemea wote."

Akaguna. Akasema ataona.

Binti yako naye, aliyebaki Louisville, ameniomba namba ya simu ya darasa. Bado ananijibu kwa Kiingereza, unamjua, lakini ameuliza tunaanza saa ngapi.

Pumzika, Mwalimu wangu. Jumamosi nitafungua sura ile ile, hata tukiwa wawili. Nitaita Columbus. Nitajiita Buffalo. Kisha nitaita Louisville, na nitasubiri.