Maji ya Sumaku ya Kiprugut

Wachuka, uko? Weka hiyo chai chini kwanza.

Kijana wangu Kiprugut amenunua maji ya sumaku. Muuzaji alimwambia yanasafisha damu, kwa hivyo aache dawa za presha. Na ameacha kweli. Mtu mzima na mvi zake.

Nikakumbuka mwaka wa hamsini na sita, kule Kariandusi tukiwa wasichana. Yule mzee aliyeuza maji ya umeme. Kiu ilitushika tukanywa mtungi wake wote, tukaujaza pale ng'ombe wa mzungu walikuwa wanakunywa. Mama yako akanunua kikombe, akasimama mbele ya watu akashuhudia goti limepona.

Goti, Wachuka. Kwa maji ya ng'ombe.

Basi jana nikamwaga chupa ya Kiprugut, nikajaza maji ya tangi.

Leo asubuhi amekunywa, akafunga macho. "Mama, hata nasikia damu ikitembea."

Damu ikitembea!

Nikamwambia mbele ya bibi yake Jeruto, "Hayo ni ya tangi letu, baba. Na kuna chura ndani."

Akaangalia chupa. Akaangalia tangi. Jeruto ameficha uso kwa leso, mabega yanatingika.

Mwishowe akauliza polepole, "Jeruto, zile tembe zangu uliweka wapi?"

Amezimeza, Wachuka. Mbele ya macho yangu.

Na hayo hayo maji ya chura.

Lakini goti la mama yako lilipona, hiyo siwezi kukataa.